Maikrofoni Moja kwa Kazi Nyingi: Kwa Kwaya na Familia Zinazotaka Kurekodi Nyumbani Ufipa



Zamani kwaya ya Ufipa iliyotaka kurekodi nyimbo zake ililazimika kukodi gari hadi Mbeya au Dar es Salaam, kulala kwa ndugu na marafiki, na kuimba kwa haraka kwa sababu saa za studio zililipiwa. Leo mambo yamebadilika. Kompyuta mpakato ya kijana mmoja aliyemaliza chuo, programu ya kurekodi inayopatikana bure kama Audacity, na chumba kimoja cha nyumba ya kawaida mjini Sumbawanga au kijijini vinatosha kuanza kazi. Ndiyo maana swali moja linarudi mara kwa mara katika mazungumzo ya viongozi wa kwaya, makatekista na vijana wetu: fedha tulizochanga zinatosha maikrofoni moja tu nzuri, basi tununue ipi, ambayo itafaa kwa mwimbaji mmoja, kwa kwaya nzima, kwa gitaa, kwa ngoma na kwa mafundisho pia?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Fedha ya kwaya ya kigango haitoki mfukoni mwa mtu mmoja. Ni michango ya wanakwaya, ni debe la mahindi la huyu na maharage ya yule yaliyouzwa baada ya mavuno, ni harambee iliyofanyika uani mwa kanisa baada ya Misa. Chombo kikinunuliwa vibaya hakuna wa kukirudisha dukani, na kwaya hukaa miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kuwaomba tena waamini wafungue mikono.

Kuna na jambo jingine. Mwaka 1949 Padre J. M. Robert, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alichapa kwa Kifaransa, huko Tabora, kitabu juu ya imani na desturi za Wafipa. Mwaka 1978 Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kati ya Wafipa katika miaka ya 1960, akachapa kitabu juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Kazi zote mbili zina thamani kubwa, lakini zote ni karatasi. Msomaji anapata maneno. Hapati sauti ya bibi anayepunguza mwendo afikapo mahali pa kutisha katika hadithi, wala kicheko cha wajukuu, wala kiitikio chao. Wazee wanaojua kwa Kifipa nyimbo za kulima, za arusi na za kubembeleza watoto wanapungua kila mwaka. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 119, waliagiza kwamba mapokeo ya muziki ya watu katika nchi za misioni yaheshimiwe na kupewa nafasi inayostahili. Hatuwezi kukipa nafasi kitu ambacho hatukukihifadhi. Maikrofoni ile ile itakayonunuliwa kwa ajili ya kwaya inaweza, jioni moja, kuwekwa mbele ya mzee huyo.

Maikrofoni ya kondensa ni kitu gani

Maikrofoni tunazoziona mikononi mwa waimbaji na juu ya mimbari nyingi ni za aina ya dainamiki. Ndani yake utando mdogo hubeba koili ya waya iliyozungukwa na sumaku. Sauti inapousukuma utando, koili hucheza ndani ya sumaku na umeme kidogo huzaliwa. Ni vyombo imara. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, huanguka sakafuni na kuokotwa na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Maikrofoni ya kondensa hufanya kazi kwa njia nyingine. Utando wake ni wa plastiki nyembamba sana, mara nyingi iliyopakwa dhahabu, nao hutandazwa mbele kidogo ya bamba la madini lenye matundu. Kati ya viwili hivyo huwekwa chaji ya umeme. Sauti inapougusa utando, umbali kati yake na bamba hubadilika kwa kiasi kidogo mno, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kama sauti. Kwa kuwa utando huo haubebi koili, ni mwepesi. Unaitikia upesi herufi zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi, mchakacho wa kayamba, na pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza ubeti. Edward Wente alibuni maikrofoni ya namna hii nchini Marekani mwaka 1916, na mwaka 1928 Georg Neumann akaanza kuitengeneza kwa wingi mjini Berlin. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler walibuni aina yake iitwayo elektreti, ambayo chaji yake hukaa humo humo kwa muda mrefu bila kuongezwa. Maikrofoni za simu zetu za mkononi kwa miaka mingi zilikuwa za elektreti.

Chombo hiki kinahitaji umeme ili kifanye kazi, na umeme huo hupita katika waya ule ule unaobeba sauti. Huitwa umeme wa fantomu, nao ni volti 48. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini iwe 48 na si 50 au 40. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilikuwa inaiandalia redio ya taifa ya Norwei maikrofoni mpya. Studio za redio hiyo zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za akiba, kwa maana majira ya baridi ya nchi ile yana giza refu. Mafundi wakaona ni vema kutumia umeme uliopo. Tangu hapo dunia nzima ikafuata, na kitufe chenye maandishi 48V katika mixa ya parokia yako kinatokana na taa hizo za Norwei. Kabla ya kununua maikrofoni ya kondensa, hakikisheni kwamba mixa yenu, au kadi ya sauti ya nje inayounganishwa na kompyuta, ina kitufe hicho. Kadi ndogo kama Focusrite Scarlett 2i2 au Behringer UMC202HD zinacho. Waya uchomekwe kwanza, ndipo kitufe kibonyezwe. Na kitufe kizimwe kwanza, ndipo waya uchomolewe.

Chumba kabla ya chombo

Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Maikrofoni ya kondensa husikia kila kitu. Husikia jogoo wa jirani, mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, bodaboda inayopanda mlima, na kiti kinacholia chini ya mwimbaji wa besi. Zaidi ya hayo, husikia chumba chenyewe: ile sauti ya kopo inayozaliwa kati ya kuta nne za saruji tupu na paa la bati. Hakuna programu inayoweza kuiondoa sauti hiyo kikamilifu ikishaingia katika rekodi.

Katika nyanda zetu mvua huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili, na nyumba ya bati isiyo na dari hugeuka ngoma wakati huo. Kwaya iliyopanga kurekodi nyimbo za Pasaka mwezi Machi, chini ya bati tupu, imejitafutia mateso. Miezi ya kiangazi ni bora, ingawa Juni hadi Agosti upepo wa Ufipa nao huwa na lake la kusema. Mabati yaliyolegea hupiga kelele usiku kucha, na misumari michache ikigongwa mapema hufaa kuliko maikrofoni ya gharama. Saa nzuri ya kazi ni usiku, baada ya mashine za kusaga kunyamaza na kabla ya jogoo wa kwanza.

Kuhusu kuta, wengi huanza kwa kubandika trei za mayai. Trei za mayai hunyonya sauti nyembamba kidogo tu, haziigusi besi, na hazizuii kelele za nje hata kidogo; kazi yake kubwa ni kukusanya vumbi na kuwapa panya makazi. Magodoro mawili ya sponji yaliyosimamishwa pembeni, mablanketi mazito yaliyotundikwa sentimita kumi mbele ya ukuta badala ya kubandikwa juu yake, mkeka au zulia sakafuni, na kabati lililojaa nguo nyuma ya mwimbaji, hufanya kazi kubwa kuliko hiyo bila kugharimu chochote. Hata chumba cha ghala baada ya mavuno, magunia yakiwa yamepangwa hadi juu, kinaweza kusikika vizuri kuliko sebule yenye marumaru, kwa maana magunia hunyonya sauti na kuivunja isirudi mahali pamoja. Tahadhari yake ni vumbi la mahindi, ambalo ni adui wa utando. Atakayetumia ghala afunike maikrofoni kwa mfuko safi kila anapomaliza wimbo.

Na kama chumba hakirekebishiki? Basi, kwa maoni yetu, msinunue kondensa. Nunueni dainamiki moja nzuri, mwimbaji aisogelee hadi vidole viwili au vitatu, nanyi mtapata rekodi safi zaidi. Dainamiki nayo husikia chumba, lakini kwa kuwa mdomo uko karibu sana, sauti ya mwimbaji huwa kubwa mno kuliko mwangwi wa kuta, na mwangwi humezwa.

Mambo ya kutazama katika karatasi yake

Kila maikrofoni ya kweli huja na karatasi ya vipimo. Vipimo ni vingi, lakini kwa mtu anayetafuta chombo cha kazi nyingi vichache ndivyo vyenye uzito.

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni mwelekeo wa usikivu. Maikrofoni nyingi za kondensa husikia kwa umbo la moyo: mbele zinasikia sana, pembeni kiasi, nyuma karibu hazisikii kabisa. Nyingine husikia pande zote sawasawa. Nyingine husikia kwa umbo la nane, yaani mbele na nyuma kwa nguvu ile ile, huku pembeni zikiwa viziwi. Ziko maikrofoni zenye swichi inayochagua kati ya maumbo haya matatu, na hapo ndipo neno kazi nyingi linapopata maana yake halisi.

Fikirini kwaya ya watu kumi na wawili. Kwa umbo la moyo inabidi wasimame mbele ya maikrofoni katika nusu duara, na walio pembeni husikika kwa mbali. Kwa umbo la pande zote wanaweza kuizunguka kama watu wanavyouzunguka moto, wakitazamana, wakimwona kiongozi, na kuimba kama walivyozoea. Wenye sauti kali za soprano warudi nyuma hatua moja au mbili; tena wakae katikati; besi na alto wenye sauti laini wasogee. Hivyo ndivyo mizani ya sauti nne inavyopatikana kwa miguu ya waimbaji, bila fundi wala mixa. Tumesikia rekodi za namna hii zilizozishinda zile za maikrofoni nane zilizopangwa bila utaratibu.

Umbo la nane nalo lina matumizi ambayo wachache huyafikiria. Mzee anayesimulia kwa Kifipa aketi upande mmoja, na mjukuu anayemuuliza aketi upande wa pili, wote wakiwa karibu na maikrofoni moja. Pande zilizo kiziwi zielekezwe dirishani, au kule kunakotoka kelele ya mashine ya kusaga. Umbo hilo hilo hufaa kwa mwimbaji anayepiga gitaa mwenyewe: ukiinamisha maikrofoni vizuri, upande kiziwi unaangalia gitaa na upande unaosikia unaangalia mdomo.

Kipimo cha pili ni mvumo wa ndani, yaani kelele ambayo maikrofoni yenyewe huizalisha hata chumba kikiwa kimya. Hupimwa kwa desibeli, na namba ndogo ndiyo bora. Maikrofoni yenye desibeli 20 haina neno mbele ya kwaya inayoimba Gloria kwa nguvu. Mbele ya mzee wa miaka themanini mwenye sauti ya chini, mvumo huo utasikika kama mvua ya mbali. Anayetaka kurekodi masimulizi atafute yenye desibeli 12 au pungufu.

Kipimo cha tatu ni sauti kubwa kuliko zote ambayo chombo kinaweza kuipokea bila kupasuka. Ngoma ikipigwa karibu inaweza kupita desibeli 120. Maikrofoni nyingi za kisasa huvumilia zaidi ya 130, lakini swichi ya kupunguza nguvu kwa desibeli 10 au 20 ni msaada mkubwa. Swichi nyingine inayofaa ni ile ya kukata besi ya chini, kwa kawaida kwenye mizunguko 80 kwa sekunde. Hiyo huondoa mngurumo wa malori, upepo na miguu ya waimbaji wanaocheza, bila kuigusa sauti ya binadamu kwa kiasi cha kuonekana.

Ukubwa wa utando hatuupi uzito sana. Utando mkubwa, wa inchi moja hivi, hupendeza kwa mwimbaji mmoja na kwa kawaida una mvumo mdogo. Utando mdogo husema kweli zaidi kwa ala na kwa kwaya kubwa kanisani, hasa zikiwa mbili zimepangwa pamoja. Lakini tunazungumza juu ya maikrofoni moja, nyumbani, na hapo utando mkubwa una faida.

Yapo majina ya kujua

Kileleni zimekaa Neumann U 87, iliyotoka mwaka 1967, na AKG C414, iliyotoka mwaka 1971. Ya kwanza huuzwa kwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani. Tunazitaja ili msomaji ajue kwamba atakayemuuzia U 87 kwa bei ya mbuzi wawili amemuuzia bandia, hata kama nembo yake inang'aa. Kwa fedha za kwaya ya kigango, mazungumzo yaanzie chini zaidi.

Audio-Technica AT2020 ni mlango wa kuingilia. Katika masoko ya nje bei yake ni yapata dola 100. Ina umbo la moyo tu, haina swichi yoyote, na mvumo wake ni desibeli 20. Ndugu yake AT2035 ni ghali kidogo, lakini ina swichi ya kupunguza desibeli 10, ya kukata besi kwenye mizunguko 80, na mvumo wake ni desibeli 12. Tofauti hiyo ya desibeli nane si ndogo, na kama kwaya imefikia kumudu AT2020, tungeishauri isubiri msimu mmoja zaidi wa mahindi ifikie AT2035. Rode NT1-A, kutoka Australia, ina mvumo wa desibeli 5 tu, na kwa masimulizi ya wazee ni vigumu kupata iliyo tulivu kuliko hiyo kwa bei yake. Kasoro yake ni kwamba inaing'arisha sauti nyembamba. Soprano zetu, ambazo nyingi huimba kwa kifua na kwa nguvu, huweza kuchoma masikio zikisimama mbele yake moja kwa moja. Igeuzeni kidogo pembeni, au iinamisheni kuelekea vifua vya waimbaji.

Kwa kwaya inayoimba pamoja katika chumba kimoja, chaguo letu ni maikrofoni yenye maumbo matatu: AKG P420 kwa mfuko wa wastani, au Rode NT2-A, yenye mvumo wa desibeli 7, kama mfuko unaruhusu. Kwa katekista, kwa mwimbaji wa zaburi, au kwa kijana anayetunga na kujirekodi sauti moja baada ya nyingine, umbo la moyo linatosha, na AT2035 ndiyo tungeinunua. Anayeshawishika na zile seti za bei ndogo sana zinazouzwa pamoja na mkono wake, kichujio na waya, zikiwa na mwili mkubwa wa kuvutia, ajue kwamba mara nyingi ndani ya mwili huo mkubwa kuna kapsuli ndogo ya elektreti kama ya simu. Hizo ni bora ziachwe dukani.

Fedha yote isiishie kwenye maikrofoni. Kuna stendi nzito isiyoanguka mtoto akipita, waya wa XLR, kadi ya sauti, na vipokea sauti vya masikioni vilivyofungika vizuri. Nusu ya fedha kwa maikrofoni, nusu kwa vingine, ni mgawanyo unaofaa. Kichujio cha pumzi hakihitaji kununuliwa: soksi ndefu ya nailoni iliyotandazwa juu ya pete ya waya hufanya kazi ile ile.

Kuiweka na kuitunza

Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila na ambaye mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mwenyewe na kuisogeza karibu na ala au mwimbaji aliyetaka asikike wakati huo. Jenereta yake aliiacha mbali, kwa waya mrefu. Maarifa haya hayajazeeka. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli sita hivi, kwa hiyo hatua moja ya mpiga ngoma kurudi nyuma hufanya kazi ambayo vitufe vya mixa haviwezi. Ngoma ikae mbali, nyuma ya kwaya. Kayamba mbali zaidi, maana mlio wake mwembamba hupenya kila kitu. Kinanda cha umeme kisirekodiwe kwa maikrofoni hata kidogo, bali kiunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, na kiongozi akisikilize masikioni.

Msemaji au mwimbaji mmoja akae umbali wa shubiri moja hivi. Akisogea zaidi, besi yake huvimba, jambo ambalo makatekista wengine hulipenda kwa kuwa huwapa sauti ya mtangazaji wa redio, lakini msikilizaji huchoka nayo upesi.

Kuhusu umeme, rekodini kompyuta ikiwa inatumia betri yake, chaja ikiwa imechomolewa. Mngurumo mwingi unaolaumiwa maikrofoni hutoka kwenye chaja, au kwenye inveta ya sola iliyo chumba hicho hicho. Betri iliyojaa ina faida nyingine inayojulikana na kila mkazi wa Rukwa.

Hali ya hewa yetu nayo ina masharti yake. Mji wa Sumbawanga uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Maikrofoni iliyolala katika chumba baridi ikiingizwa ghafla katika chumba chenye watu ishirini wanaoimba, unyevu wa pumzi zao huganda juu ya utando, nayo huanza kutoa milio kama ya karanga zinazokaangwa. Haijaharibika. Iacheni ndani ya sanduku lake, humo chumbani, kwa nusu saa kabla ya kuifungua. Walio chini, kando ya Ziwa Tanganyika, kama Kirando na Kabwe, wana shida ya joto lenye unyevu. Hao waweke ndani ya sanduku vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na wavibadilishe mara kwa mara. Walio Bonde la Ziwa Rukwa, kuelekea Mtowisa na Muze, wapambane na vumbi kwanza. Wote kwa pamoja wasiipulizie maikrofoni kwa mdomo ili kuijaribu, wala wasiigonge kwa kidole. Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara, na mate hukausha juu yake kitu kisichoondoka.

Siku ya kununua, mwende wawili, mmoja awe ndiye atakayeitumia. Chukueni kompyuta, kadi ya sauti na vipokea sauti vyenu. Ombeni kona tulivu ya duka, rekodini ukimya kwa sekunde thelathini, kisha usomeni Waraka mmoja kwa sauti ya kawaida huku msomaji akiizunguka maikrofoni pande zote nne. Ikiwa ya umbo la moyo, nyuma yake lazima sauti ififie sana; isipofifia, kuna jambo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kuwajibu. Nyimbo zenyewe, kama si zenu, ziombewe ruhusa kwa mtunzi kabla ya kurekodiwa na kusambazwa, maana haki yake inalindwa na sheria za nchi, na zile zinazokusudiwa kutumika katika Liturujia zipate kwanza ithibati.

Mkirudi nyumbani, andikeni namba ya chombo katika daftari la mali ya kwaya pamoja na tarehe, bei na jina la mtu mmoja atakayekitunza, na risiti ibandikwe katika ukurasa huo huo.